Siku Nilipopandishwa Bei

Miaka ishirini na sita nilikuwa gunia lililotoboka.
Ndivyo alivyonitaja Bwana Pinnock mbele ya wageni,
mdomo umejaa nyama niliyoichoma mimi:
"Fiba? Mvivu. Mwizi wa chumvi. Goti moja bovu,
na lile jingine linafikiria."

Kwenye daftari la kodi alinizeesha kila mwaka,
maana mtumwa kikongwe halipiwi.
Kwa hesabu yake, ule mwaka wa thelathini na nne
nilikuwa na miaka mia na kumi,
na bado napanda ngazi na ndoo mbili.

Kisha meli ikaleta habari Jamaika:
watumwa wataachiwa,
na kwa kuwa jambo hilo litauma,
watakaoumia watalipwa fidia.
Tukashangilia jikoni. Tulidhani watakaoumia ni sisi.

Akaja mthamini, Bwana Larkham, kijana mwembamba,
pua imebabuka kwa jua, kalamu sikioni.
Bwana akaniita kwa sauti tamu
nikadhani anamwita farasi wake.

"Tazama lulu hii!
Supu yake ya kasa humkalisha maiti kitako.
Funguo za ghala zote anashika yeye.
Hajaugua hata mafua.
Umri, thelathini na mbili.
Thelathini na moja, ukimtazama akiwa kivulini."

Nilisimama na sinia langu.
Sijawahi kusifiwa, jamani.
Machozi yalikuwa yamefika kopeni
nilipomwona mthamini anaandika,
na Bwana anamchungulia begani akijumlisha kwa vidole.
Kumbe kila neno zuri lilikuwa linaingia mfukoni mwake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi nililitia maji, majivu na nzi.

Goti linalofikiria likakata shauri.
Sinia likaenda chini na vikombe sita vya Bristol.
"Samahani, Bwana," nikaiambia nguzo ya baraza.
Mthamini nikamwamkia, "Shikamoo, mama."
Nikakohoa kikohozi kirefu,
nikakiacha kipumzike, nikakirudia.

Kwashi, mwendesha gari, hakuhitaji kuambiwa.
Alipanda nyumbu akitazama mkia,
akamwuliza nyumbu kichwa amekiweka wapi.

"Wanaigiza!" Bwana akapiga kelele.
"Huyu ana miaka thelathini na moja!"
Bwana Larkham akafungua daftari la kodi taratibu,
kama anayefunua chungu asichokiamini.
"Hapa pameandikwa mia na kumi.
Mwandiko huu ni wa nani?"
Nikasikia koo la Bwana likimeza kitu kisichokuwapo.

Ila tulimsahau Beneba.
Hakuna aliyempa habari za mpango, na ana meno mawili tu.
Alitoka nyuma ya banda la kuku
amejifunga kitambaa chekundu,
akajizungusha mbele ya mthamini, akacheza,
akainua jiwe la kusagia mpaka magotini, akaliangusha.
"Na mimi," akasema, "andika na mimi."
Kijana akamtazama, akachovya kalamu,
akaandika sifuri.

Hapo sikukohoa tena.

Uhuru wenyewe ulikuja nusu nusu.
Baada ya miaka ishirini na sita jikoni
sheria ikanifanya mwanagenzi nijifunze kupika.
Nikajifunza miaka minne. Bwana alikula vilivyoungua,
na mwalimu wangu alikuwa yeye.

Asubuhi ya Agosti tulipoachiwa kweli
nilishuka ngazi zile mbili mbili.
"Fiba!" akaniita kutoka barazani. "Goti lako!"
"Limemaliza kufikiria, Bwana."

Beneba nilimbeba mgongoni, mwepesi kama tita la kuni kavu.
Tulipovuka mto akaniuliza, mara ya saba siku hiyo:
"Yule kijana, kwangu aliandika ngapi?"
Nikavuta hatua tatu, nne.
"Alianza kuandika," nikamwambia,
"karatasi ikamwishia."
Akacheka shingoni mwangu mpaka njia panda.